Anga tupu katika echingi ya karne ya 19: liliachwa hivyo makusudi, au bamba lilichakaa?

Karatasi Nyeupe

Ndugu wapenzi wa chapa, nawasalimu nyote. Naomba macho yenu katika jambo ambalo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Ninayo echingi moja ndogo ya mandhari ya shamba, yaani picha iliyochapwa kwa wino kutoka bamba la shaba lililochorwa kwa asidi, upana wake hauzidi kiganja kimoja na nusu, ambayo kwa jinsi karatasi yake ilivyo na kwa mavazi ya mtu aliyemo ndani yake naiweka katika miaka ya 1860 hivi. Jina la mchoraji halipo. Kuna herufi mbili tu kwenye kona ya chini, nazo zimegeuka kana kwamba unazisoma katika kioo.

Picha yenyewe ni tulivu mno. Mto unapinda ukitokea kushoto, ng'ombe watatu wamesimama majini hadi magotini, na ukingoni umeinama mwerebi mmoja mkubwa ambao kivuli chake ndicho cheusi kuliko vitu vyote pichani. Nyuma ya mti ipo nyumba iliyoezekwa kwa nyasi, na dohani yake inatoa moshi mwembamba. Mwanamke ameinama akichota maji. Kwa mbali kabisa umepita mstari wa vilima, mwembamba kama unywele. Juu ya vilima hivyo hakuna kitu chochote: hakuna wingu, hakuna ndege, hakuna hata mstari mmoja. Zaidi ya nusu ya picha ni karatasi tupu, isipokuwa vitone vyeusi vichache, vidogo kama vumbi, vilivyotapakaa kwenye kona ya juu upande wa kulia.

Rafiki mmoja ameniambia kwamba mawingu yalikuwepo, ila yamefifia kwa jua. Mwingine anasema bamba lilikwisha chapa nakala nyingi mno kabla ya hii yangu, na mistari ya anga ikasagika. Mimi nahisi kwamba utulivu wote wa picha unatoka katika uwazi huo, na ndiyo maana nina wasiwasi: huenda ninachokipenda ni hitilafu. Je, kuna njia ya kujua kwa hakika? Na kama si kuwachosha, mnaweza kuniambia kama ni alfajiri au ni jioni? Mwanga unatoka kushoto na vivuli ni virefu.

Jicho la Pili

Mimi naungana na rafiki yako wa pili. Shaba ni laini, na kila nakala inayochapwa huondoa kidogo. Nimewahi kuziona nakala mbili za bamba moja, ya mapema na ya mwisho, na ile ya mwisho ilikuwa imepauka kabisa upande wa juu. Mchoraji aliyejitaabisha kuchora majani ya mwerebi moja moja asingeacha nusu ya picha bila kitu.

Fundi Bamba

Ndugu Karatasi Nyeupe, nimekuwa nikichora na kuchapa kwa njia hii kwa muda mrefu, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu jibu la swali lako limo ndani ya kazi yenyewe.

Kwanza tuliondoe jua. Wino wa echingi ni masizi, yaani kaboni iliyosagwa katika mafuta ya kitani yaliyochemshwa, na kaboni haififii kwa mwanga. Mwanga huiharibu karatasi, ambayo hugeuka njano na kuwa kavu, lakini mistari haigusi. Kama mawingu yangekuwa yamechapwa, leo yangekuwepo.

Sasa tuje kwenye bamba. Mchoraji wa wakati ule alichukua bamba la shaba nyekundu lililosuguliwa likang'aa, akalipaka utando mwembamba wa nta iliyochanganywa na lami na ulimbo, kisha akaufukiza kwa moshi wa mshumaa ili uwe mweusi na sindano ionekane inapopita. Sindano haichimbi shaba. Inaufungua utando tu. Anayechimba ni asidi, ambayo kwa kawaida ilikuwa ya nitriki. Bamba linazamishwa, vipovu vinaanza kupanda kwenye kila mstari, na fundi anavipangusa kwa unyoya ili mistari iliwe sawasawa. Baada ya muda mfupi analitoa bamba, analiosha, na kwa brashi anaifunika kwa vanishi mistari ambayo anataka ibaki hafifu. Hapo ndipo vilima vyako vya mbali vilipofunikwa. Kisha analirudisha bamba kwenye asidi. Safari ya pili nyumba inafunikwa, safari ya tatu ng'ombe, na mwisho kinabaki kivuli cha mwerebi peke yake kikiendelea kuliwa hadi kiwe mfereji wa kushika wino mwingi.

Ninaeleza haya kwa sababu moja. Kina cha mstari ndicho kinachoamua utakufa lini. Bamba linapochakaa halichakai upande mmoja kwa upendeleo. Linapoteza kwanza mistari isiyo na kina, popote ilipo. Ndugu Jicho la Pili amesema kweli kwamba upande wa juu hupauka mapema, na sababu ni kwamba huko juu ndiko iliko mistari ya mbali. Lakini mawingu na vilima vya mbali kwa kawaida huliwa kwa muda unaokaribiana. Haiwezekani anga lote lisagike bila kubakiza hata alama, halafu vilima vinavyopakana nalo vibaki vizima. Basi chukua lenzi inayokuza mara kumi, uvitazame vilima na ule moshi wa dohani. Mstari wa bamba lililochoka hukatika katika vipande, na wino wake huwa wa kijivu. Mstari wa bamba zima unakwenda moja kwa moja, na ncha zake ni butu, kwa kuwa asidi hula mwanzo na mwisho wa mstari kwa kiasi kilekile. Hii pia ndiyo tofauti yake na nakshi iliyochongwa kwa patasi, ambayo mstari wake huanza mwembamba, ukanenepa, kisha ukachongoka.

Pili, chunguza kivuli cha mwerebi. Wachoraji wengi walimalizia sehemu za giza kwa sindano kavu, yaani kukwaruza shaba moja kwa moja bila asidi. Mkwaruzo huo huinua ukingo mdogo wa shaba kando ya mstari, kama udongo unavyosimama kando ya jembe, na ukingo huo hushika wino ukatoa weusi laini wenye manyoya, kama mahameli. Ukingo huo ni dhaifu sana: baada ya makumi machache ya nakala, mashine ya kuchapia inakuwa imeulaza. Ukiyaona manyoya hayo, nakala yako ni ya mapema, na hoja ya kuchakaa itakuwa imekwisha. Nakuonya tu kwamba kutokuwepo kwake hakuthibitishi kinyume, maana huenda sindano kavu haikutumika kabisa. Tena, kuanzia miaka ya 1850 mafundi walijua kulipaka bamba la shaba utando wa chuma kwa umeme, na bamba la namna hiyo liliweza kutoa nakala nyingi sana kabla ya kudhoofika.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya nitabasamu niliposoma maelezo yako: vile vitone vya kona ya juu. Usivichukie. Vitone kama hivyo hutokea utando wa nta unapokuwa na tundu lisiloonekana na asidi ikapenya. Kama ndivyo, anga la picha yako lilikaa ndani ya asidi likiwa limefunikwa, bila mistari, na mchoraji akaona vitone vile baadaye na kuamua kuviacha, ingawa angeweza kuvisugua vikatoweka. Vitazame kwa lenzi. Kama ni vikali na vyeusi, basi sehemu hiyo ya bamba haijasagika hata kidogo, kwa sababu vitone navyo havina kina.

Kuhusu alfajiri au jioni: kumbuka kwamba kila kitu unachokiona kimegeuzwa. Karatasi ilipolazwa juu ya bamba na kupitishwa chini ya rola, kushoto kukawa kulia. Ndiyo maana herufi zako zimegeuka; mchoraji aliziandika kwa mkono wa kawaida na hakujali. Wengine walijifunza kuandika kinyume, na wengine walichora mandhari mbele ya kioo ili isomeke sawa baada ya kuchapwa, ila wako hakufanya hivyo. Kwa hiyo mwanga ulikuwa unatoka kulia. Weka picha mbele ya kioo nawe utaona kile alichokuwa akikitazama. Jua liko chini, hilo ni wazi kwa urefu wa vivuli, lakini saa yenyewe huwezi kuidai kutoka kwenye bamba.

Karatasi Nyeupe

Ahsante sana, Fundi Bamba. Nimekaa dirishani asubuhi nzima na lenzi. Moshi wa dohani, ambao kwa jicho tupu nilidhani ni mguso mmoja, kumbe ni mistari mitatu inayopanda sambamba, na hakuna hata mmoja uliokatika. Miwili inaishia pamoja na wa tatu unaendelea mbele kidogo, kisha unaacha ghafla, kwa ncha butu kama ulivyosema. Vilima ni vizima kutoka pambizo hadi pambizo. Chini ya mwerebi wino una manyoya kabisa, hasa pale shina linapoingia majini. Nilipouinamisha ukurasa upande wa mwanga niliuona wino umeinuka juu ya karatasi. Vile vitone nimevihesabu, ni kumi na kimoja, na ni vikali kama ncha ya kalamu.

Lakini kuna jambo jingine ambalo sikuliona mwanzo. Anga si jeupe kikamilifu. Nikilinganisha na pambizo, nje ya ule mbonyeo wa bamba, yaani alama iliyoachwa na bamba lilipokandamizwa kwenye karatasi, ndani yake kuna wepesi wa kijivu, kama pumzi juu ya kioo, nao unakolea kidogo karibu na vilima. Je, huu ni uchafu?

Fundi Bamba

Si uchafu, ni mkono wa mchapaji. Baada ya wino kusukumizwa ndani ya mistari, bamba hupanguswa kwa kitambaa cha shashi na mwishoni kwa kiganja. Ukipangusa kabisa, shaba inang'aa na karatasi inatoka nyeupe. Ukiacha utando kidogo wa wino, unapata kivuli hicho hafifu. Mchapaji wako alipangusa juu zaidi kuliko chini, na hapo ndipo mwanga wa upeo ulipopatikana. Kule Paris, mchapaji Auguste Delâtre alijulikana sana kwa ufundi huo wa kubakiza wino, na pia wa kuipitishia mistari kitambaa laini ili wino utoke kidogo na kuifanya iwe minene. Wapo waliomlaumu kwamba anachora picha ya pili juu ya picha ya mwenzake. Mimi simlaumu. Maana yake kwako ni kwamba hakuna nakala nyingine ya bamba hilo yenye anga kama lako sawasawa, kwa kuwa kila nakala ilipanguswa upya.

Jicho la Pili

Nakubali nilikosea kuhusu kuchakaa. Ile hoja ya moshi inatosha. Hata hivyo bado nauliza kwa nini mchoraji mwenye uwezo wa kuchora hayo yote aone nusu ya bamba haihitaji kitu.

Msoma Historia

Swali hilo la mwisho ndilo ninalotaka kulijibu, kwa sababu katika miaka tunayoizungumzia lilikuwa na upande wake na upinzani wake, na watu walilibishania kwa dhati.

Kizazi kilichofufua echingi katikati ya karne ya 19 kilimrudia Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, na si kwa picha za watu tu. Mwaka 1651 Rembrandt alichora uwanda ulio karibu na Haarlem, picha inayojulikana kama shamba la mpima dhahabu, ambamo mashamba, miti na minara imebanwa katika ukanda mpana wa chini, na juu yake limekaa anga lisilo na mstari hata mmoja. Ukiitazama huhisi kwamba kuna kilichosahauliwa, unahisi upepo. Nchini Uingereza mtu aliyeishika hoja hiyo kwa nguvu zaidi alikuwa Francis Seymour Haden, daktari wa upasuaji kwa kazi yake, ambaye echingi yake ya bwawa la kinu la Shere, ya mwaka 1860, ni miongoni mwa mandhari tulivu zilizosifiwa kuliko zote za wakati ule. Haden alishikilia kwamba mchoraji wa echingi hupimwa kwa anachokiacha sawa na anachokichora, kwani kuacha kunadai ujuzi wa kujua jicho la mtazamaji litajaza nini lenyewe. Mwaka 1877 alisimamia maonyesho ya echingi za Rembrandt jijini London, na mwaka 1880 akawa mwanzilishi wa chama cha wachoraji wa echingi. Huko Ufaransa, Alfred Cadart alikuwa amekwisha kuanzisha chama cha namna hiyo mwaka 1862, na mwaka huohuo Charles-François Daubigny akatoa mfululizo wa echingi kuhusu safari zake katika mashua aliyoigeuza karakana, mistari michache na ya haraka, maji na anga vikiachiwa karatasi.

Lakini tusidhani kwamba huo ulikuwa mkondo mmoja tu wa utulivu. Samuel Palmer, mchoraji wa Uingereza ambaye echingi yake ya kwanza ya mwaka 1850 ni picha ya mwerebi, alikwenda njia iliyo kinyume kabisa. Alilijaza bamba mistari iliyopandana tabaka kwa tabaka, anga likiwemo, akifanya kazi juu ya bamba moja kwa miaka, na mwanga akaupata katika chembe ndogo za karatasi zilizobaki katikati ya mistari. Yeye mwenyewe alizifananisha chembe hizo na macho madogo ya nuru yanayochungulia. Aliogopa mchapaji asije akaziba macho hayo kwa kubakiza wino, yaani kile kile ambacho mchapaji wa picha yako amekifanya juu ya vilima. Utulivu wa Palmer ni wa machweo mazito, na utulivu wa picha yako ni wa pumzi. Vyote viwili ni kweli, ila ukimfundisha mtu utulivu wa namna moja tu atakuwa amejifunza nusu.

Naongeza jambo moja ambalo naliamini kwa kutazama picha nyingi za wakati huo. Wanunuzi wa miaka ya 1850 na 1860 walikuwa wamezoea anga tupu kutoka kwenye fotografia. Mabamba ya kioo ya siku hizo yaliupokea mwanga wa buluu kwa wepesi mno, hivyo anga lilitoka jeupe lote, kiasi kwamba mpiga picha Gustave Le Gray alilazimika kuunganisha negativu mbili, moja ya bahari na moja ya mawingu, ili apate vyote viwili katika picha moja. Jicho lililozoea weupe huo halikushangazwa na karatasi tupu kama linavyoshangazwa la Ndugu Jicho la Pili.

Na amani yenyewe? Sensa ya mwaka 1851 ilionyesha kwamba kwa mara ya kwanza zaidi ya nusu ya watu wa Uingereza na Wales waliishi mijini. Picha kama hizi zilinunuliwa zaidi na watu wa mjini kuliko wa shamba. Palmer aliishi Shoreham, katika jimbo la Kent, na ni Kent hiyohiyo ambamo mwaka 1830 vibarua wa mashambani walianza kuzivunja mashine za kupuria nafaka na kuchoma marundo ya nyasi kavu kwa sababu ya njaa na ujira duni. Hakuna moto katika picha zake. Sisemi kwamba alidanganya, wala kwamba mchoraji wako alidanganya. Nasema kwamba ng'ombe watatu majini na mwanamke mwenye mtungi ni vitu alivyovichagua, kama alivyochagua kuacha anga, na mwanamke yule anayechota maji alikuwa kazini.

Mhifadhi wa Karatasi

Niongeze maneno machache ya vitendo kabla picha hii haijarudishwa ukutani. Tafadhali usijaribu kuvifuta vile vitone kumi na kimoja, wala kuusafisha ule ukijivu kwa kifutio au mkate. Ni sehemu ya chapa. Usikate pambizo ili iingie kwenye fremu, kwa kuwa mbonyeo wa bamba na pambizo ndivyo vinavyomwezesha mtu mwingine kuusoma ushahidi ulioueleza hapa. Kama nyuma yake kuna kadibodi ya kahawia, itoe, kwani kadibodi hiyo hutoa asidi inayochoma karatasi taratibu. Weka ya pamba isiyo na asidi, na kioo kisiguse wino ulioinuka. Mwanga usizidi lukisi 50 (lukisi ni kipimo cha mwanga), na si kwa sababu ya mistari, bali ni kwa sababu ya anga. Hilo ndilo litakalogeuka njano kwanza, na kwa picha hii anga ni karatasi.

Karatasi Nyeupe

Nimewaelewa, nami nawashukuru kwa moyo wote. Kadibodi ya kahawia ilikuwepo kweli, na tayari ilikuwa imeacha ukanda wa rangi ya chai ukingoni, ila haujafika ndani ya mbonyeo. Nimeitoa.

Kabla ya kuifunga nilifanya kama alivyoshauri Fundi Bamba, nikaisimamisha picha mbele ya kioo. Herufi zilisomeka mara moja. Mto sasa unatokea kulia, na mwanga pia. Ng'ombe wamegeukia upande mwingine. Yule mwanamke, ambaye siku zote nilimwona akichota maji kwa mkono wa kushoto na nikadhani ndivyo alivyozoea, anachota kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ameushika ukingo ili asiteleze. Vitone vilihamia kona ya pili. Anga peke yake ndilo sikuweza kuona kama limegeuka.